Saa Kumi na Sita kwa Elfu Tatu

Ndugu zangu wa Kibiti na wa deltani,

Wiki iliyopita, katika mgahawa mmoja kando ya barabara ya Lindi hapa Kibiti mjini, binti alisinzia huku amesimama. Sinia likamponyoka, chai ya moto ikammwagikia miguuni. Ilikuwa saa tatu usiku, naye alikuwa kazini tangu saa kumi na moja alfajiri, alipobandika sufuria la supu. Tajiri wake hakuitazama miguu. Alihesabu glasi zilizovunjika, akamkata ujira wa siku mbili, na binti alipouliza, akaambiwa kesho asirudi. Wateja wakainamia sahani zao. Mmoja akasema, "Ndiyo kazi."

Hapana, hiyo ni dhuluma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Hata ukijumlisha za ziada, siku haizidi saa 12, na kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Binti yule alilipwa elfu tatu kwa siku. Kwa mwezi wa siku 26 ni 78,000, wakati kima cha chini cha mfanyakazi wa shamba tayari kilikuwa 100,000 kwa mwezi mwaka 2013! Januari 2026 kima cha sekta binafsi kilipanda tena, kwa wastani wa asilimia 33.4. Nani amekiona hapa?

Sababu za watu kuikubali kazi ya namna hii tunazijua: mafuriko ya 2024 yalisomba mpunga, kamba wana msimu wao, vijana wamejaa mjini.

Matajiri wanatuambia tukidai mshahara watapunguza watu. Mwenye kibanda kidogo anabanwa kweli, tumsikilize. Lakini mgahawa unaopokea mabasi mchana na usiku si kibanda. Mtu mmoja akifanya kazi saa 16, ameshika na nafasi ya mwenzake anayezurura stendi. Saa 9 zikifuatwa, wa pili lazima aajiriwe, na mishahara yao wote wawili itarudi papa hapa, kwa muuza samaki wa Nyamisati na fundi cherehani wa sokoni.

Kwa hiyo, kila kibarua awe na daftari: saa aliyoingia, aliyotoka, alicholipwa. Asiyejua kuandika aandikiwe. Usiogope kwamba huna mkataba. Mwajiri asipoonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wake. Ukifukuzwa, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; ukidhulumiwa ujira, siku 60. Msizimalize kwa kubembeleza. Wa mahotelini wakiite chama chao cha wafanyakazi, CHODAWU, wa mashambani TPAWU, na mjiunge kwa makundi, kwani anayekwenda peke yake hufukuzwa kwanza.

Wazazi wa Mbwera, Salale na Kiomboni, kabla mtoto hajapanda mashua, anayemchukua aseme saa ngapi na shilingi ngapi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Wenye mashamba ya mpunga na korosho, nanyi mmo humu. Halmashauri iamke. Mashekhe, hadithi ya kumlipa mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka mnaijua kuliko mimi. Isemeni Ijumaa hii, na matajiri wakiwa safu ya mbele.

Nanyi madereva wa mabasi, ninyi ndio mnaochagua pa kusimama. Mgahawa unaowatesa watumishi mnaujua. Nawaombeni kwa haki ya Mungu, upiteni usiku wa leo, upiteni na kesho, mpaka mwenyewe aje awaulize kwa nini.