Kiota kisiishie mjini

Anayesafiri kutoka Iringa kwenda Morogoro msimu wa nyanya anaijua picha ya Ilula: matenga yamepangwa pembeni mwa barabara, vijana wanakimbilia madirisha ya mabasi, na bei ya jioni si ile ya asubuhi. Nyanya zilizobaki zinaoza. Nyumbani tunafungua chupa ya sosi iliyotoka mbali. Kila nikipita hapo najiuliza vituo vya ubunifu vinamsaidiaje kijana huyu wa matenga.

Siulizi kwa kubeza. Iringa ipo Kiota Hub, na jina lake limejitosheleza: mahali pa kuatamia wazo. Mbeya wapo MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Tangu 2019 kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu, ambako hata fundi wa mtaani anaweza kuonyesha alichotengeneza. Na kabla neno ubunifu halijawa la fasheni tulikuwa na SIDO, iliyoanzishwa 1973, yenye karakana katika mikoa yote miwili. Wazee wetu walikwenda huko kuchongesha mashine bila kuambiwa kwamba wao ni wabunifu.

Kwa hiyo mafunzo hayatupungukii sana. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na kijana mwaka wa pili. Amefundishwa kuandika mpango wa biashara, amepewa cheti, amepigwa picha na mgeni rasmi. Akirudi Ilula anakuta chupa na vifuniko vinauzwa kwa jumla tu, tena mjini. Umeme unakatika sosi ikiwa jikoni. Mwenye duka anachukua mzigo kwa mali kauli, analipa akipenda. Bila alama ya TBS maduka makubwa hayamtaki, na hajui kwamba barua ya utambulisho ya SIDO humsaidia mjasiriamali mdogo kuhudumiwa na TBS kwa unafuu. Hapo anahitaji mtu wa kumpigia simu, na yule mwalimu wake alishaondoka mradi ulipokwisha. Mfadhili alihesabu waliofundishwa. Nani alihesabu biashara zilizobaki hai?

Niseme pia kwamba si kila kijana lazima awe mjasiriamali. Wengine wanataka ajira tu, wala si dhambi. Kiwanda kimoja kidogo cha sosi kinachosimama kingewafaa hao kuliko semina kumi.

Sasa tuje kwetu. Ukumbi wa parokia mara nyingi umefungwa Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa nini mwalimu wa kituo cha ubunifu asije hapo mara moja kwa mwezi, badala ya kumtaka kijana alipe nauli kwenda mjini? VIWAWA tayari ni kikundi. Kikijisajili, kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambamo asilimia 4 ni ya vijana. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Katoliki Ruaha wangeweza kuwasomea mikataba kabla hawajasaini, na wenzao wa Chuo Kikuu Katoliki Mbeya wakawafundisha wakulima wa viazi kutunza vitabu, wajue lumbesa inawala kiasi gani kila gunia.

Na wewe frateri unayekwenda mwaka wa kichungaji, kabla hujamwambia kijana ajiajiri, fika kwanza SIDO ya mkoa wako uulize mashine ya kusaga nyanya ni shilingi ngapi.