Mgonjwa Hajui Fomula ya Twisheni

Tangu Aprili 2023, baraza la Marekani linalosimamia mtihani wa leseni ya uuguzi, NCSBN, lilipobadilisha mtihani wake wa NCLEX, manung'uniko hayajaisha. Wauguzi wa Kenya wanaotaka kwenda kufanya kazi huko wanaambiwa kwamba mtihani umegeuzwa kuwa wa kuwakomoa. Si kweli. Mabadiliko yale yalikuwa ya haki, tena yalichelewa. Linaloudhi ni madarasa ya marudio yanayoendelea kuuza karatasi za kukariri.

Ni kweli kwamba maelezo ya maswali ni marefu na ada ni kubwa. Lakini hayo hayafanyi swali kuwa baya. Na wale waliotabiri maafa? Kati ya waliosomea Marekani kwenyewe, waliofaulu kwa mara ya kwanza walikuwa karibu asilimia 80 mwaka 2022. Mwaka 2023 walifika karibu 89.

Karatasi hizo za kukariri hufundisha cha kutanguliza hivi: njia ya hewa, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu. Mpangilio huo ni sahihi. Kosa ni kuufanya jibu kabla hujamtazama mgonjwa.

Chukua wodi usiku. Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ana oksijeni asilimia 90, kiwango chake cha siku zote, naye anapiga soga na jirani yake. Kijana aliyevunjika mguu anapiga kelele akidai dawa ya maumivu. Vidole vyake vina joto na anavichezesha. Mama aliyejifungua saa mbili zilizopita amelala kimya. Presha yake ni 110 kwa 70. Mapigo ya moyo yalikuwa 84 alipotoka kujifungua. Sasa ni 122. Mikono imepoa, na anaomba maji kila mara.

Aliyekariri atamkimbilia mzee, kwa sababu ya mapafu. Presha ya mama itamridhisha, wakati mwili wenye afya huweza kuishikilia presha hata damu nyingi ikiwa imeshatoka. Mapigo hutangulia kusema. Aliyefundishwa kufikiri atafunua shuka, ataangalia pedi, atapapasa tumbo, na akikuta mji wa mimba umelegea atausugua huku akiita msaada.

Hilo ndilo mtihani mpya unalopima: tukio moja, maswali sita, kuanzia kutambua dalili hadi kutathmini ulichofanya. Mkufunzi anayesema "kariri hii utapita" anachukua fedha za mwanafunzi na kumwachia mama yule gharama. Huo si ualimu. Ni biashara ya hatari, na inapaswa kukemewa hadharani.

Wewe unayejiandaa, kabla hujalipia karatasi nyingine, mwombe mwalimu wako chati ya wagonjwa watatu, umweleze utamwendea nani kwanza na kwa nini. Akishindwa kukusahihisha, dai fedha zako.