Mtoto Mwenye Mpasuko wa Mdomo, na Vitabu vya Kumsomea



Barua ya wiki hii imetoka Meru. Aliyeiandika ni mama kijana, mzaliwa wa pwani aliyeolewa bara. Mtoto wake wa kwanza, aliye na umri wa wiki sita, amezaliwa na mpasuko wa mdomo unaopanda hadi puani, na kaakaa lake nalo halikuungana. Mavyaa yake ni mwema, asema, lakini kila mgeni anapobisha hodi yeye huwahi kumfunika mtoto uso kwa leso. Barua haikuomba fedha. Iliomba vitabu viwili: kimoja cha kumweleza mavyaa, na kingine cha kumsomea mwana atakapofikia umri wa kuuliza.

Tuanze na cha mavyaa, kwa sababu hicho kina haraka. Kitabu cha Kiswahili kilicho karibu zaidi na haja hii ni Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya kazi ya David Werner, aliyeiandika kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya wanavijiji wa milimani huko Mexico. Mwaka 1987 Werner alitoa kitabu kingine, kinene zaidi, kiitwacho Disabled Village Children, kinachohusu watoto wenye ulemavu vijijini. Mwenyewe ana maradhi ya misuli tangu utotoni, na hilo huonekana katika namna anavyoandika: hamtazami mtoto kama jambo la kuhurumiwa, bali anauliza mtoto huyu afanyeje ili ale, aseme na acheze. Kitabu hiki ni cha Kiingereza, lakini kimejaa michoro, na wachapishaji wake wanakitoa bure katika intaneti. Mtu mmoja nyumbani akijua Kiingereza, wengine wanaweza kukaa karibu naye wakaelezwa kurasa zinazowahusu.

Na mavyaa aelezwe nini? Kwanza, kwamba mdomo wa mtoto huumbika kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, na kaakaa kati ya wiki ya sita na ya tisa. Pande mbili za uso hukua zikielekeana hadi zikutane katikati. Zisipokutana, mpasuko hubaki. Wakati huo wanawake wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Hakuna kisu alichokishika mama, hakuna mtu aliyemcheka, hakuna kupatwa kwa mwezi kulikoandika jambo hili usoni mwa mtoto. Duniani kote takriban mtoto mmoja katika kila 700 huzaliwa hivi. Yako mambo yanayozidisha uwezekano, kama vile uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na baadhi ya dawa za kifafa, na urithi nao una sehemu yake. Hata hivyo, mara nyingi daktari hawezi kuonyesha sababu moja. Mkaza mwana asiyekuwa na kosa asitafutiwe kosa.

La pili ni zito kuliko la kwanza. Hatari iliyo karibu na mtoto huyu si sura yake, ni njaa. Mwenye mpasuko wa mdomo pekee mara nyingi huweza kunyonya. Mwenye mpasuko wa kaakaa hupata taabu kubwa, kwa kuwa kunyonya kunataka kinywa kifungike ili kivute, na kaakaa lililo wazi huingiza hewa ya puani. Basi mtoto hukaa kifuani nusu saa nzima, akajitahidi, akachoka, akalala, na tumbo lake li tupu. Watu wakimwona hivyo husema amekataa ziwa. Hakulikataa. Mama akamue maziwa yake katika chombo safi, amnyweshe kwa kikombe kidogo au kijiko, taratibu, kichwa kikiwa juu na wala si kulazwa chali. Amweke begani mara kwa mara atoe hewa, kwa sababu humeza hewa nyingi. Maziwa yakitokea puani asifadhaike. Ndiyo njia iliyo wazi. Na apelekwe kliniki kupimwa uzito mara kwa mara, kwani uzito huo ndio utakaoamua siku ya upasuaji.

Madaktari wengi hufunga mdomo mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita, akiwa amefikisha angalau kilo nne na nusu na damu yake ikiwa ya kutosha. Kaakaa hufuata, kwa kawaida kati ya miezi tisa na kumi na minane, ili liwe limefungwa kabla maneno hayajashika njia mbaya. Mwenye mafua au kikohozi huahirishwa, na kwa baridi ya Meru hili si jambo dogo: leso ya mavyaa ina kazi hapo, kifuani na kichwani. Dada yetu aanzie Hospitali ya Rufaa ya Meru, au ya Embu ikiwa ndiyo iliyo karibu, aulize waziwazi kuhusu upasuaji usiolipishwa unaogharimiwa na Smile Train, shirika lililoanzishwa mwaka 1999 ambalo huwasaidia madaktari wa nchi yenyewe. Hospitali ya CURE iliyoko Kijabe, iliyofunguliwa mwaka 1998, ni miongoni mwa zinazofahamika kwa kazi hii. Baada ya mshono bado kuna safari: masikio yapimwe, maana watoto hawa hupata maji nyuma ya kiwambo cha sikio wakasikia kwa uzito, na huenda akahitaji mtaalamu wa matamshi.

Katika barua mna sentensi moja iliyoandikwa kwa wino mwingine, kana kwamba iliongezwa usiku: kuna jamaa asemaye kwamba kumshona mtoto ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Jamaa huyo na ajibiwe kwa elimu, si kwa ugomvi. Sahaba Arfaja bin Asad alikatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alipofanya pua ya fedha ikamharibikia kwa harufu, Mtume (s.a.w.) alimwamuru afanye ya dhahabu. Hadithi hiyo imo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilipitisha kuwa kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo ni halali, na katika mifano yake likautaja mpasuko wa mdomo kwa jina. Kinachokatazwa ni kuchezea umbo lililo sawa kwa matamanio tu.

Neno moja juu ya majina. Kiswahili kimezoea kusema mdomo sungura. Kiarabu nacho kina jina la sungura kwa jambo hilihili, na Kiingereza cha zamani vilevile. Lugha tatu zimekutana kwenye mnyama mmoja, lakini hilo halilifanyi kuwa jina la kumwita mtoto. Sura ya Al-Hujurat imekataza kuitana kwa majina ya kejeli, na mtoto husikia jina lake kabla ya kujifunza kuzungumza. Tuseme mpasuko wa mdomo, tuishie hapo.

Sasa kile kitabu cha pili, cha kumsomea mwana. Kilichoenea zaidi ni Wonder cha R. J. Palacio, kilichotoka mwaka 2012 na kufanywa filamu mwaka 2017. Kinasimulia habari za August, mvulana wa miaka kumi wa New York aliyezaliwa na uso usio wa kawaida, mpasuko wa kaakaa ukiwemo, anayeingia shule kwa mara ya kwanza. Utotoni alipenda kuvaa kofia ya mwanaanga iliyomfunika uso wote, na mwenye leso mlangoni akifika hapo ataelewa bila kuelezwa. Mimi nakipenda zaidi kwa ajili ya dada yake, Via. Anampenda ndugu yake na kumtetea, na bado, anapoingia shule mpya, hataki huko wajue kuwa ana ndugu wa namna hiyo. Vitabu vichache huthubutu kusema hayo, na kila nyumba yenye mtoto kama huyu ina Via wake anayenyamaza.

Nina mashaka nacho pia. Mwisho wa mwaka August anapewa nishani na shule nzima inasimama kumpigia makofi. Mtoto wetu hastahili nishani kwa kuwa na uso. Anastahili kukaliwa karibu darasani siku ya Jumatatu. Ariel Henley, mwandishi Mmarekani aliyezaliwa na tofauti ya uso na aliyetoa kitabu cha maisha yake mwaka 2021, ni mmoja wa waliokikosoa. Aidha kimeandikwa kwa maisha ya huko, Via ana mpenzi, kwa hiyo mama akisome kwanza mwenyewe kisha achague sura za kusoma na wanawe. Meru na Embu zote zina maktaba ya umma. Aulizie huko kabla ya kununua.

Kwa wazazi wenyewe kuna Changing Faces cha Mwingereza James Partridge, cha mwaka 1990. Aliungua uso katika ajali ya gari akiwa na miaka 18, na mwaka 1992 akaanzisha taasisi yenye jina hilohilo. Fundisho lake kubwa ni kwamba anayekodolewa macho asingoje. Aseme yeye kwanza. Mzazi awe na jibu fupi tayari mdomoni: amezaliwa na mpasuko, haumi, atashonwa inshaallah, na sasa tuambie habari zako. Mgeni akijibiwa hivyo hupata pa kuweka macho yake. Mavyaa akijifunza sentensi hiyo ataweza kufungua mlango akiwa na mjukuu mkononi.

Cha Kiswahili kilichoandikwa mahsusi kwa mtoto mwenye mpasuko, cha kumsomea kitandani, sina cha kumtajia dada yetu. Katika ngano zetu mwenye kinywa cha ajabu mara nyingi ni zimwi, na hilo si la kumsomea mtoto huyu. Lakini rafu za vitabu vya dini zilizomo majumbani mwetu hazikumsahau. Waarabu humwita mwenye mdomo uliopasuka aalam. Katika Sira ya Ibn Hisham imeelezwa kwamba Suhail bin Amr, msemaji mkuu wa Makureshi, alikuwa hivyo. Alipotekwa Badr, mwaka wa pili wa Hijra, Umar (r.a.) alitaka ang'olewe meno ya mbele ili asisimame tena kuhutubu dhidi ya Waislamu. Mtume (s.a.w.) alikataa kumharibu umbo, akasema huenda siku moja akasimama mahali ambapo Umar hatamlaumu. Suhail alisilimu baadaye, na Mtume alipofariki, watu wa Makka walipoanza kuyumba, ni yeye aliyesimama akawahutubia wakatulia. Mtoto anayehangaika na herufi zake asimuliwe habari za khatibu huyo.

Tena yuko mwanachuoni wa Andalusia aliyezaliwa mwaka 410 wa Hijra, Yusuf bin Sulaiman, bingwa wa nahau na mashairi, anayejulikana hadi leo kwa mdomo wake: Al-Aalam ash-Shantamari. Wanafunzi walimfuata Ishbiliya, mji ulio katika nchi iitwayo leo Uhispania, wakamsikiliza akisomesha lugha. Kazi yake mashuhuri ni sherehe ya mashairi ya washairi sita wa kale wa Kiarabu. Mmoja wa hao sita ni Antara bin Shaddad, shujaa aliyezaliwa na mama mtumwa Mhabeshi, na ambaye naye watu wake walimpa lakabu ya al-Falhaa, kwa sababu ya mpasuko wa mdomo.