Kitambi sio hela jamani

Leo naongelea kitambi, na najua kuna watakaonuna.

Kwetu Utete kijana aliyeajiriwa akirudi likizo shati limembana tumboni, anapokelewa kwa sifa: "Mwanangu umenawiri, mji umekukubali!" Akirudi mwembamba anaulizwa kwa upole kama anaumwa. Mimi sifa hiyo naipinga kabisa, hata kama wazee watanikasirikia.

Mafuta ya tumbo yako ya aina mbili. Yale ya chini ya ngozi, unayoweza kuyafinya kwa vidole, hayana noma sana. Balaa ni yale ya ndani yaliyozunguka ini na utumbo. Yakizidi, insulini inashindwa kufanya kazi yake vizuri, sukari inapanda, na presha nayo inafuata. Ndio maana mtu anaweza kuwa na mikono na miguu myembamba, tumbo tu limetangulia, akajiona mzima kumbe yumo hatarini. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linatumia kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara kipimo cha kiuno cha sm 94 kwa mwanaume na sm 80 kwa mwanamke. Ukifika hapo, stuka.

Sasa tusisingizie wali wa nazi peke yake. Wazee wetu Rufiji wameula miaka yote, sahani imejaa mlima. Lakini walikwenda shamba la bondeni kwa miguu, wakapalilia mpunga juani, wakapiga kasia, jioni wakarudi kwa miguu tena. Sisi sahani tumeirithi vile vile, jembe tumeliacha. Kutoka nyumbani mpaka sokoni tu, bodaboda! Halafu unakaa kutwa nzima, unashushia na soda. Hiyo chupa moja ya ml 350 ina sukari zaidi ya gramu 30, yaani vijiko vya chai kama 8 hivi. WHO mwaka 2015 walishauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 za sukari ya kuongeza kwa siku, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Bado hujanywa chai yako ya vijiko vinne na vitumbua.

Kuna jamaa wanaamini sit-up 100 kila asubuhi zitayeyusha tumbo. Zinakaza misuli, mafuta yanabaki juu yake. Maji ya ndimu na mikanda ya kubana ndio kabisaaa, utatoka jasho na hela tu. Kinachosaidia hakina mbwembwe: tembea haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, punguza soda na bia, punguza kilima cha wali ujaze mboga, na ulale vya kutosha (nyie wa kukesha mnanisoma?).

Najua mtasema "diet" ni ya matajiri. Kwa kwetu sikubali. Kisamvu, mchicha, kunde na samaki wa mtoni ndio chakula cha kila siku, na kutembea hakuna nauli. Kinachokula hela ni hiyo soda na hiyo bodaboda.

Anayebisha aje, nimeazima futi kamba ya fundi cherehani. Unapima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi umeshaitoa. Na usivute tumbo ndani, nakuona!