KONA YA FUNDI: Madigadi kwenye baiskeli isiyo na nafasi

Mwezi uliopita tuliongea juu ya tyubu iliyozibwa mpaka haina pa kuzibwa. Asanteni kwa maswali mliyoleta. Kuna moja halikuja kwa karatasi, lilikuja kwa miguu, na ndilo limechukua ukurasa wote leo.

Ilikuwa Jumamosi, nafua shati la shule. Akaja mzee mmoja wa zoni nyingine anasukuma baiskeli. Nyuma yake kijana wake, kama miaka kumi na minne hivi, ameshika ndoo ya mandazi yenye mfuniko uliopasuka.

"Hodi mwalimu."

"Karibu baba. Shikamoo."

"Marahaba. Ni wewe unaandika mambo ya baiskeli kwenye gazeti letu?"

Nikamwambia ndiyo, ila mimi ni mwalimu wa kujitolea, ufundi niliuona kwa mjomba. Akasema haidhuru. Kijana wake anatoka saa kumi na moja alfajiri kuuza mandazi ya mama yake, halafu ndiyo anakwenda darasani. Baiskeli ni ile ya mashindano, ya mtumba, tairi nyembamba kama kidole gumba, haina madigadi hata moja. Mvua zimeanza na mnaijua barabara yetu. Gurudumu la nyuma linarusha tope jekundu mgongoni na kwenye ndoo. "Jana amerudi na mandazi ishirini na sita," mzee akasema. "Na unga tuliukopa."

Alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alisema haiwezekani. Wa pili alitaka kuisaga foku kwa ndani ili madigadi ipite. Hapo niseme mapema: mtu asiguse foku yako kwa tupa wala nyundo. Foku ikikatika, unaanguka na uso.

Sasa, kwa nini baiskeli hizi hazina nafasi? Phoenix ya China au Hero ya India imetengenezwa kwa barabara kama zetu. Tairi yake ni 28 x 1 1/2, na kati ya tairi na foku vidole viwili vinapita. Hii ya mashindano imetengenezwa kwa lami. Foku inaishia karibu kabisa na tairi, na breki ni fupi. Ukipima toka bolti ya breki mpaka katikati ya raba inapogusa rimu, breki fupi za mashindano zinafika milimita 39 hadi 49. Zile ndefu kidogo zinafika 47 hadi 57. Ukikuta raba ziko chini kabisa kwenye breki ndefu, furahi, una nafasi. Ukikuta raba ziko juu kabisa kwenye breki fupi, una kazi.

Kipimo changu mimi ni penseli ya shule, ambayo ina unene wa milimita 7 hivi. Jaza upepo wote kwanza, maana tairi iliyolegea inakudanganya. Zungusha gurudumu uone kama rimu inayumba. Kama inayumba, kaza spoki kabla ya kupima kitu chochote. Halafu pitisha penseli kati ya tairi na chini ya breki. Penseli mbili zikipita pamoja, weka madigadi nzima bila wasiwasi. Ikipita moja tu, usiweke nzima. Mafundi wa barabara za lami wanaacha milimita 6 hivi kati ya tairi na madigadi, lakini lami haina udongo wetu huu unaonata kama ugali wa muhogo. Na kama hata penseli moja haipiti, hapo usipitishe kitu kabisa.

Ya kijana ilipitisha penseli moja, kwa kubembeleza.

Kuna njia ya kubadili tairi. Kwenye ubavu wa tairi yake imeandikwa 28-622. Hiyo 28 ni upana kwa milimita, na 622 ni kipenyo pale tairi inapokaa kwenye rimu. Ukitoka 28 ukaweka 23, unapata kama milimita 5 juu na mbili na nusu kila upande. Inasaidia. Lakini mtu anayebeba ndoo kwenye mawe, tairi ya 23 itamla pancha kila wiki, kwa hiyo nilikataa. Na msinunue tairi ya Phoenix mkadhani itaingia. Ile ni 635, ni kubwa mno, haikai kwenye rimu ya 622.

Basi tukakata.

Kabla sijaeleza tulivyokata, nina deni la kusema jambo. Wengine mnalijua, maana lilitokea njiani mchana watu wakiangalia. Mwaka jana nilikuwa na baiskeli kama hii hii. Nikachukua madigadi ya bati, nikaibana, nikaipitisha nzima chini ya breki ya mbele. Nafasi iliyobaki ilikuwa ukucha tu. Nikajiona fundi. Siku ya tatu nilimpakia mdogo wangu wa kike kwenye bomba la juu la fremu tunarudi shuleni. Kijiti kikaokotwa na tairi, kikaingia kati ya tairi na madigadi, kikapanda nacho juu. Bati likajikunja chini ya foku. Gurudumu likasimama palepale, sisi tukaendelea. Mimi nilichubuka mikono. Yeye alipoteza jino la mbele, la utu uzima, na ana miaka kumi na mmoja. Mpaka leo akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mama hakuniuliza kitu wiki nzima, ambayo ni mbaya kuliko kugombezwa.

Kwa hiyo mkiona nasisitiza mambo ya gurudumu la mbele mpaka nawachosha, mnajua sababu.

Tukaanza na nyuma, maana ndiko kuna mandazi, na nyuma ni rahisi. Kijana alikuwa na keria ya kufunga kwa nati. Tukachukua madigadi kuukuu ya Phoenix, tukaikata kwa msumeno wa chuma ianzie nyuma ya breki na kwenda mpaka usawa wa habu kwa nyuma. Haipiti chini ya breki hata kidogo. Ilikuwa pana mno, kwa hiyo tukapunguza kila upande kwa mkasi wa bati, tukapiga tupa, halafu tukavalisha kingo kwa mpira wa tyubu uliopasuliwa. Bati lililokatwa ni wembe, msiliache hivyo na watoto nyumbani. Tukaifunga kwa keria sehemu mbili kwa bolti ndogo, zile za spana namba 8, zikiwa na washa pande zote na kichwa cha bolti kikiangalia tairi. Mkia wa bolti ukiangalia tairi, siku moja utaichana. Pia madigadi ya Phoenix imekunjwa kwa gurudumu kubwa zaidi, kwa hiyo tuliikunja taratibu gotini mpaka ikafuata mzunguko wa tairi hii.

Kile kipande cha kati ya breki na bomba la kiti tukakiacha wazi. Tope kidogo litapita hapo. Wengine wanavuta gurudumu nyuma ili kupata nafasi, na kwenye fremu zenye mdomo mrefu inawezekana, ila ukivuta lazima uangalie tena cheni na kama raba za breki bado zinagusa rimu na si tairi. Mimi niliona haina haja.

Mbele ndiko penye akili. Tulitengeneza vipande viwili vinavyoishia pande mbili za foku, na katikati, chini ya breki, hakuna kitu. Kipande cha mbele ni kifupi, kama shubiri moja, cha kuzuia tope lisiruke usoni. Kipande cha nyuma ni kirefu, kinatoka kwenye foku na kushuka mpaka karibu na chini. Hiki kirefu ndicho cha maana. Kinalinda miguu, cheni na gololi za pedeli. Watu wengi wanakikata kifupi eti kipendeze, halafu wanalalamika cheni inakwisha kabla ya mwaka.

Kwa vipande vya mbele tulitumia dumu la njano la lita 20, lile tunaloita bidoni. Plastiki yake ni ngumu ya kutosha, na ikivunjika haikati mtu. Tulikata ukanda wa upana wa vidole vitatu, tukaupasha juu ya makaa, mbali, mpaka ukalegea, tukaulaza juu ya tairi ya Phoenix nzee yenye upepo mpaka ukapoa ukiwa umejipinda. Usiuweke kwenye moto wenyewe, utanuka na kuungua. Pale unapopita kati ya miguu ya foku tuliupunguza pembeni kwa kisu, ili usiguse foku wala tairi.

Kuufunga: bolti ya breki inapita kwenye foku na kutokea nyuma, ina nati ya spana namba 10. Tukakata kijibati chenye umbo la L, tukakiweka chini ya nati hiyo, na kipande kirefu kikashikwa hapo. Angalizo kubwa. Baada ya kuweka kijibati, nati lazima bado iingie kwenye nyuzi zote. Ikishika nyuzi mbili tatu tu, toa kijibati, maana breki ni kitu cha kwanza kuliko madigadi. Halafu angalia kama breki imekaa katikati, mara nyingi inageuka wakati wa kukaza. Baiskeli nyingine nati yake imezama ndani ya foku, inafunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita. Hiyo usiihangaikie, funga kipande kwenye miguu ya foku kwa ukanda wa tyubu.

Chini, kipande kirefu kinahitaji mkono wa waya kila upande mpaka karibu na ekseli. Foku ya kijana haikuwa na tundu la kufungia. Tungeweza kutengeneza pete ya bati yenye mpira ndani na kukaza kwa bolti. Lakini kwa gurudumu la mbele mimi sasa sikazi kwa bolti. Nafunga waya kwenye foku kwa ukanda mwembamba wa tyubu, mizunguko mitatu. Kazi ya kila siku unaifanya. Siku kijiti kikiingia, mpira unaachia na madigadi inachomoka badala ya kujikunja. Madigadi za dukani huko Ulaya nyingine zina vishikizo vinavyochomoka vyenyewe kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo si ushamba wetu.

Jambo jingine ni mstari wa nafasi. Isianze pana chini ikaishia nyembamba juu. Ikiwa hivyo, kitu kinaingia vizuri na kinakwama. Afadhali ianze na penseli moja chini, juu iwe moja na nusu. Na ukimaliza, geuza usukani huku pedeli iko mbele, uone kama kidole cha kiatu kinagusa madigadi. Ya kijana iligusa kidogo, tukapunguza pembeni kwa kisu.

Mwisho tukaning'iniza ulimi wa mpira wa buti kuukuu kwenye kipande kirefu, ukaishia vidole vinne juu ya ardhi. Ulimi huo hauna gharama, na ungekuwa una nafasi ya kufanya kitu kimoja tu katika haya yote, ningesema fanya huo.

Jumatatu ilinyesha. Nilimwona kijana getini kwa shule, mgongo safi, ndoo safi, soksi zimelowa kama kawaida. Bati la nyuma linapiga kelele kwenye mawe, tumeongeza mpira chini ya washa lakini bado linalia kidogo. Wiki ya pili aliazima baiskeli kwa rafiki, ikarudi bila kipande cha mbele. Tumekata kingine, dumu bado lina pande mbili. Na siku moja ya mvua kubwa sana udongo ulijaa chini ya breki, pale pasipo na madigadi hata, akaisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Siku kama hizo hakuna dawa. Awe na kijiti mfukoni cha kuchokolea, na mandazi yaende kwa mguu.

Mzee aliuliza anilipe nini. Nikamwambia aache, lakini mama wa kijana akatuma mandazi matano kwenye karatasi. Mdogo wangu alikula matatu.

Mwezi ujao, kwa maombi ya akina mama wa kisima cha juu, tutaangalia stendi ya baiskeli inayobeba madumu mawili bila kuanguka. Mwenye stendi kuukuu, hata iliyovunjika, ailete darasani kwangu saa za jioni. Na yeyote mwenye buti za mvua zilizopasuka asizitupe.