Kiwiko cha mtoto si kamba ya kuvutwa

Huku Goma na viunga vyake, mtoto akianguka kutoka juu ya chukudu, au akiteleza kwenye mawe ya volkano, hujikinga kwa kiganja. Uzito wote unapanda kwenye mkono ulionyooka, na mfupa unavunjika juu kidogo ya kiwiko. Ndiyo ajali ya kiwiko inayoonekana zaidi kwa watoto, hasa wa miaka 5 hadi 7. Mfupa ukiwa umehama sana, waganga wa upasuaji huurudisha mahali pake, wanapitisha vyuma vyembamba, kisha wanafunga plasta. Kwa familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru bila kitu mkononi, kufika hapo tu ni vita.

Vita ya pili inaanza siku ya kutoka hospitali. Mama anapewa karatasi ya Kifaransa, anaambiwa arudi kisha mwezi, basi. Nani amemweleza kwamba plasta ikitoka, kiwiko kitakuwa kigumu, na kwamba ugumu huo ni wa kawaida? Hakuna. Sasa akiona mkono wa mwanae umebaki umekunjwa, atafanya nini? Atampeleka kwa mfunga mifupa, kama jirani alivyomshauri.

Na huko ndiko mkono unakoharibiwa. Wakubwa wawili wanamshika mtoto, mkono unachuliwa kwa mawese na maji ya moto, unavutwa mpaka analia. Wengine wanamshikisha bidoni la maji ili uzito unyooshe mkono. Eti kilio ni dalili kwamba dawa inaingia! Ni uongo, tena uongo unaolemaza. Kiwiko kinacholazimishwa huvimba upya, huzidi kukakamaa, na mara nyingine mfupa huota ndani ya msuli. Kukikaza kwa vipande vya miti ni kubaya zaidi: damu inakosa njia, na mtoto anaweza kupoteza mkono mzima.

Plasta na vyuma vikishatoka, mtoto mwenyewe ndiye anayejitibu, na hadai malipo. Ale ugali kwa mkono ule, ajipake sabuni, achezee mchanga, akunje na kunyoosha hadi pale anapoweza yeye. Mwendo hurudi pole pole, kwa wiki na miezi. Kunyooka kabisa ndiko huja mwisho. Kupanda miti na chukudu vingoje ruhusa ya mganga.

Kuna mambo yasiyongoja hata asubuhi: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole baridi au kucha zilizopauka, ganzi, mtoto kupiga kelele vidole vikinyooshwa, usaha penye vyuma, homa. Hapo ni kurudi hospitali mara moja, hata kama deni halijalipwa.

Yote haya yanasemwa kwa Kiswahili kwa dakika tano mlangoni pa wodi. Hospitali inayokosa dakika hizo isimcheke mama aliyekwenda kwa mchuaji. Na kwa kuwa vyuma kwa kawaida hutolewa baada ya wiki 3 hadi 4, bei ya kuvitoa ihesabiwe ndani ya upasuaji tangu siku ya kwanza, na tarehe iandikwe kwa herufi kubwa juu ya plasta yenyewe. Karatasi hupotea njiani, hasa kwa watu wanaohama kila mara risasi zinaposikika.