Muhogo ukipanda mlimani, maradhi yasipande nao

KATIKA kisiwa cha Sicily, kusini mwa Italia, baadhi ya wakulima wa maeneo yaliyosifika kwa ndimu na machungwa sasa wanavuna maembe na maparachichi. Habari hizo huwashangaza wanaodhani mwembe ni mali ya nchi za joto pekee. Lakini si lazima mtu avuke bahari ili aone mimea ikihamishwa na joto. Hapa kwetu safari hiyo ni ya kupanda mlima.

Mwaka 2011, watafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, CIAT, walikadiria kuwa ukanda unaoifaa zaidi michai ya Kenya, uliokuwa kati ya mita 1,500 na 2,100 juu ya usawa wa bahari, utapanda hadi kati ya mita 2,000 na 2,300 ifikapo 2050. Mchai ukikimbia joto, lazima zao jingine lirithi shamba. Mwaka uliofuata, Andy Jarvis na wenzake wa kituo hicho walieleza kuwa muhogo utastahimili mabadiliko ya hali ya hewa barani Afrika kuliko mahindi, maharagwe au ndizi. Kwa maoni yangu, mrithi tunaye.

Hapo ndipo Chakol inapoingia. Eneo hili la Wateso, kati ya miji ya Busia na Malaba, liko takriban mita 1,200 tu, na muhogo si mgeni huko. Unga wake huchanganywa na wa wimbi au mtama kupikia ugali. Mkulima wa nyanda za juu atakayetaka kuujaribu kesho atahitaji vipandikizi, na vipandikizi hutafutwa kule ambako zao limezoeleka.

Tatizo ni kile kinachosafiri ndani ya kijiti. Batobato kali ya mihogo ilizuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imevuka mpaka na kuteketeza mashamba magharibi mwa Kenya. Hakuna afisa wa forodha aliyeiuliza pasipoti. Virusi vyake hubebwa na inzi weupe, ila binadamu huwasaidia kwa kukata vijiti vya shamba lenye ugonjwa na kumgawia jirani. Michirizi ya kahawia ni ya hila zaidi: majani yaweza kupendeza huku mizizi ikioza, na mkulima asigundue hadi siku ya kuvuna. Inzi hao hustawi penye joto. Kwa hivyo joto litakaloufungulia muhogo mlango wa milimani litawafungulia na wao.

Chakol ina bahati ya kuwa jirani na kituo cha utafiti cha Alupe, kilicho chini ya shirika la KALRO. Tangu 2013 huduma za kilimo zimekuwa mikononi mwa kaunti, lakini inzi hatambui mpaka wa kaunti. Busia ikisaidiwa kuzalisha vipandikizi safi vilivyokaguliwa, wakulima wake watauza mbegu badala ya kuuza mizizi peke yake. Ikiachwa, biashara hiyo itafanywa na yeyote mwenye pikipiki na panga.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu hulitaja kwa haraka mno. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, nayo huzidi wakati wa ukame. Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula unga wa muhogo wenye sumu hiyo. Kina mama waliokulia katika zao hili wanajua upi ni wa kuchemshwa na upi ni wa kumenywa, kuvundikwa na kuanikwa kabla ya kusagwa. Ujuzi huo haumo ndani ya kipandikizi. Anayepeleka vijiti nyanda za juu na aajiri pia wanawake wa Chakol wakafundishe, tena kwa malipo kama anavyolipwa afisa wa nyanjani.